Ngozi, pamba, njumu au minyororo: deraya nyepesi ipi imfae mhusika wako

Sifa za mhusika wako wa mchezo wa kuigiza mezani zimeshapangwa, jina limepatikana, historia yake ya utotoni imeandikwa. Linabaki swali la duka la silaha: avae nini? Kwa mwizi, manju, mgambo na kila anayetegemea miguu kuliko misuli, jibu hutoka kwenye rafu ya deraya nyepesi, na wachezaji wengi hunyoosha mkono moja kwa moja kwenye ngozi. Picha hiyo ina umri. Mwizi alipoingia rasmi kwenye mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1975, kupitia kitabu cha nyongeza cha Greyhawk, kanuni zilimruhusu deraya moja tu, ya ngozi. Tangu hapo kila mnyemeleaji wa kwenye michoro amevaa fulana ya ngozi nyeusi yenye mikanda mingi.

Mimi naipenda picha hiyo. Lakini nimeona wahusika wengi wakibaki na ngozi ile ya siku ya kwanza mpaka leveli ya sita au ya saba, wenyewe wakijua fika kwamba mfuko una dhahabu ya kununua kitu bora. Wengine hufanya kinyume: wanakimbilia bamba la kifua la bei kubwa huku Wepesi wao, yaani alama ya mhusika ya kusogea na kukwepa, ungewapa kinga ileile kwa sarafu 45. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya makundi yote mawili. Msimamo wangu ni kwamba deraya nyepesi huchaguliwa kwa namba ya Wepesi uliyonayo leo pamoja na ile unayokusudia kuifikia. Sura ya vazi unaweza kuielezea upendavyo mezani, na hakuna mwongoza mchezo atakayekukatalia.

Toleo la tano la D&D: namba zenyewe

Naanza hapa kwa sababu ndipo wengi walipo, na kwa sababu namba hizi hazikubadilika kati ya vitabu vya 2014 na vya 2024. Kinga ni ile AC ya kwenye karatasi yako, yaani namba ambayo adui lazima aifikie kwenye dadu ili akupige. "Wepesi" jedwalini ni nyongeza inayotokana na alama yako ya Wepesi (14 hutoa 2, 16 hutoa 3, 20 hutoa 5), na "mwisho 2" ni kikomo cha nyongeza hiyo.

| Deraya | Kinga | Bei (sarafu za dhahabu) | Uzito (ratili) | Kunyata |
|---|---|---|---|---|
| Pamba | 11 + Wepesi | 5 | 8 | vigumu |
| Ngozi | 11 + Wepesi | 10 | 10 | sawa |
| Ngozi ya njumu | 12 + Wepesi | 45 | 13 | sawa |
| Ngozi ghafi (ya kati) | 12 + Wepesi, mwisho 2 | 10 | 12 | sawa |
| Shati la minyororo (ya kati) | 13 + Wepesi, mwisho 2 | 50 | 20 | sawa |
| Bamba la kifua (ya kati) | 14 + Wepesi, mwisho 2 | 400 | 20 | sawa |
| Bamba nusu (ya kati) | 15 + Wepesi, mwisho 2 | 750 | 40 | vigumu |

Nimeziweka za kati humohumo makusudi, maana ndizo zinazoshindana na njumu, yaani ngozi iliyogongelewa vitone vya chuma, kwa mgambo au mpiganaji aliyefunzwa zote. Palipoandikwa "vigumu", mvaaji hurusha dadu mbili anaponyata na kuchukua iliyo ndogo.

Deraya ya pamba haina mnunuzi humu. Inakupa kinga sawa na ngozi, inakuokolea sarafu tano, kisha inakuharibia kunyata katika maisha yako yote ya wizi. Nitarudi kwake baadaye kwa sababu naona imeonewa, ila kwa kanuni zilivyoandikwa sina cha kuitetea: usiinunue.

Ngozi na njumu hazihitaji mjadala mrefu pia. Tofauti ni pointi moja ya kinga kwa nyongeza ya sarafu 35 na ratili tatu. Mwizi wa leveli ya kwanza huanza na ngozi bure kwenye vifaa vyake. Akiwa na Wepesi 16, yaani nyongeza ya 3, kinga yake ni 14. Kazi ya kwanza au ya pili inayolipa ikiisha, aende dukani akatoke na 15. Ngozi ni vazi la kuanzia safari, na anayeendelea kuivaa wakati pesa ipo anamwachia adui nafasi ya bure kila zamu.

Mahali ambapo nyepesi na ya kati hukutana

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na hesabu yake ni fupi.

Nyongeza yako ya Wepesi ikiwa 2, njumu hukupa 14. Shati la minyororo hukupa 15, bamba la kifua 16, bamba nusu 17. Kama umefunzwa deraya za kati, huna sababu ya kuvaa njumu hata siku moja, maana kwa tofauti ya sarafu tano tu shati la minyororo linakupita, na wala halipigi kelele za kukuumbua.

Ikiwa 3, njumu na shati la minyororo zinalingana kwenye 15. Hapo chukua njumu, kwa uzito wake na kwa kuwa inakua pamoja nawe. Ikiwa 4, njumu inafika 16 na kulingana na bamba la kifua lenye bei ya karibu mara tisa. Ikifika 5, njumu ni 17, sawa na bamba nusu la sarafu 750, bila zile ratili 40 na bila kelele.

Kwa hiyo swali la kujiuliza siku unapomuunda mhusika ni hili: Wepesi wangu utaishia wapi? Mgambo wa upinde anayeanza na 16 na kuweka nyongeza zake za leveli ya 4 na ya 8 kwenye Wepesi atakuwa na 20 mapema. Huyo avae njumu tangu pale atakapoimudu na asihangaike na kitu kingine. Mgambo wa mapanga mawili anayetaka pia Nguvu, Hekima na kipaji kimoja au viwili badala ya nyongeza, atabaki na 14 au 16. Huyo deraya ya kati inamfaa zaidi, na bamba la kifua litamtunza mpaka mwisho wa kampeni.

Msisahau kwamba Wepesi haununui kinga peke yake. Unakupa pia nafasi ya kuanza mapema vita inapolipuka, unakusaidia kukwepa moto na umeme wa wachawi, unapandisha kunyata na kuchezea kufuli, na kwa mpiga upinde au mchoma jambia ndio huongeza shabaha na madhara. Mvaa mabamba hununua kinga kwa dhahabu. Mvaa ngozi huipata kama ziada ya kitu ambacho angekitaka hata kama angekuwa kifua wazi.

Na pointi moja ya kinga ina thamani gani? Watu husema "asilimia tano tu", kwa kuwa dadu ina nyuso 20. Ni kweli nusu. Chukua adui mwenye nyongeza ya 5 ya kushambulia. Kinga yako ikiwa 16, anakupata akirusha 11 kwenda juu, yaani mara 50 katika 100. Ukipanda hadi 17, anakupata mara 45. Umepunguza kipigo kwa sehemu moja ya kumi. Sasa tuseme una ngao na uchawi kidogo, kinga yako ni 22, na adui yuleyule anahitaji 17 kwenda juu: anakupata mara 20 katika 100. Ongeza pointi moja, zinakuwa 15. Hapo umepunguza kipigo kwa robo nzima. Pointi moja kwa mtu aliyekwisha jilinda vizuri ni kubwa kuliko kwa aliye wazi, ndiyo maana mpiganaji wa mstari wa mbele mwenye ngao anastahili kupigania kila pointi, na mpiga upinde wa nyuma anaweza kulala usingizi na ngozi yake.

Faida za ngozi zisizoandikwa kwenye jedwali

Jedwali halikuambii kinachotokea usiku kambini. Deraya nyepesi huvaliwa kwa dakika moja. Ya kati huchukua dakika tano, nzito dakika kumi. Zamu moja ya vita ni sekunde sita, kwa hiyo hata dakika moja ni ndefu mno mkivamiwa. Linalobaki ni nani anayeweza kulala nayo. Kitabu cha nyongeza cha Xanathar cha 2017 kina kanuni ya hiari: ukilala na deraya ya kati au nzito, mapumziko yako hayakurudishii nguvu inavyopaswa. Ngozi na njumu haziguswi na kanuni hiyo. Kwenye meza inayoitumia, mwizi huamka tayari amevaa huku shujaa wa mabamba akitafuta buti.

Kuna pia uchawi wa kuchemsha chuma. Ni wa daraja la pili tu, na kila zamu unaweza kumpa mvaaji madhara ya dadu mbili za nyuso nane kwa muda wa dakika moja. Kuvua deraya ya kati ni dakika moja. Kuvua nzito ni dakika tano. Fanya hesabu mwenyewe: uchawi unaisha kabla hujamaliza kufungua vifungo. Ngozi tupu haina habari na uchawi huo. Njumu zina chuma kidogo, na mwongoza mchezo mmoja atasema zinachemka, mwingine atasema hazitoshi. Muulize kabla, usingoje siku ya tukio. Hata yule mnyama wa kutu, anayekula deraya za chuma zisizo na uchawi, humpita mvaa ngozi kama hakumwona.

Uzito nao ni jambo la meza kwa meza. Kwa kanuni ya kawaida unabeba ratili 15 kwa kila pointi ya Nguvu, hivyo hata manju mwenye Nguvu 8 anabeba 120 na deraya haimsumbui. Mkitumia kanuni ya hiari ya mizigo, manju huyohuyo huanza kupungua mwendo akizidi ratili 40. Njumu za ratili 13 zimeshakula karibu theluthi ya nafasi yake, na bamba la kifua lingekula nusu. Kwenye meza ya namna hiyo, ratili tatu kati ya ngozi na njumu zinaweza kuwa na maana, na ni mojawapo ya hali chache ambapo kubaki na ngozi ni uamuzi wa busara.

Kwa druidi, wachawi wa maumbile, wa vitabu vya 2014 mambo yalikuwa mengine: walikataa kuvaa chuma, hivyo ngozi au ngozi ghafi ndiyo ilikuwa dunia yao yote. Vitabu vya 2024 viliondoa katazo hilo. Angalia meza yenu inatumia kipi.

Pamba imeonewa

Nimeahidi kurudi kwenye pamba. Katika historia halisi, deraya ya vitambaa vilivyoshonwa tabaka kwa tabaka, vya kitani au pamba, ilikuwa miongoni mwa kinga zilizotumika sana duniani. Ilivaliwa chini ya minyororo ili kunyonya kishindo cha rungu, na ilivaliwa peke yake na askari wasiokuwa na pesa ya chuma. Agizo moja la enzi za Louis XI, mfalme wa Ufaransa kuanzia 1461 hadi 1483, lilitaka koti la tabaka 25 au 30 za kitambaa pamoja na ngozi ya kulungu. Wahispania waliopigana na Waazteki kati ya 1519 na 1521 walikuta makoti ya pamba nene ya wenyeji, na wengi wao wakayavaa badala ya chuma chao. Kitambaa kikiwekwa tabaka nyingi hushika ncha na makali kuliko mtu asiyekijua anavyodhani. Na kelele? Kitambaa hakilii. Kati ya vitu vyote kwenye lile jedwali, pamba ndiyo ingepaswa kuwa kimya kuliko vyote. Pengine waandishi wa kanuni walifikiria unene na joto lake.

Ngozi yenyewe ilitumika kweli, ila mara nyingi ikiwa ngumu. Ilitengenezwa kwa ngozi nene iliyokolezwa dawa za magome, ikalowekwa au kupitishwa kwenye maji ya moto, ikafinyangwa kwa umbo la mwili na kukauka kama ubao. Barani Asia vipande vya ngozi mbichi vilifungwa pamoja kwa kamba kuwa deraya ya vibamba. Jaketi laini la ngozi la kwenye michoro lingekukinga na miiba, si na upanga.

Njumu zina kisa cha kusikitisha zaidi kwa wanaoipenda sura yake. Hakuna ushahidi mzuri kwamba ngozi iliyogongelewa vijumu vitupu ilivaliwa vitani Ulaya ya kale kama michezo inavyoonyesha. Kinachoonekana kwenye picha za zamani ni vichwa vya misumari ya kupigia ribiti, na misumari hiyo ilishikilia vibamba vya chuma vilivyofichwa upande wa ndani wa kitambaa au ngozi. Deraya hizo zilikuwa maarufu kati ya karne ya 14 na ya 16. Aliyetazama nje aliona vitone vya chuma tu. Kijumu kilicho peke yake hakizuii upanga. Kinaongeza uzito bila kufunika nafasi iliyo kati yake na mwenzake.

Nayasema haya kwa sababu yana matumizi mezani. Ukiwa mwongoza mchezo, unaweza kuifuta ile adhabu ya kunyata kwenye pamba, na hakuna kitakachoharibika: itabaki na 11, itakuwa deraya ya bei nafuu na nyepesi kuliko ngozi, na maskini wa kijiji kwenye hadithi yako watakuwa na vazi lenye akili. Na mchezaji anayetaka njumu ziwe na maana aseme tu kwamba chini ya ngozi yake kuna vibamba. Namba hazibadiliki, na maelezo yanaanza kuaminika. Mimi ndivyo ninavyowashauri wote ninaocheza nao.

Pathfinder toleo la pili: jumla ni ileile

Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, ina mantiki tofauti kabisa, na anayetoka D&D hujikwaa hapa. Kila deraya ina nyongeza yake ya kinga pamoja na kikomo cha Wepesi. Ngozi inatoa 1 na kikomo 4. Ngozi ya njumu inatoa 2 na kikomo 3. Shati la minyororo, ambalo hapa ni jepesi, linatoa 2 na kikomo 3 pia. Hata nguo za msafiri, ambazo zinatoa 0, zina kikomo 5. Jumlisha kila moja: tano, tano, tano, tano. Waliobuni wamehakikisha kwamba mwenye Wepesi unaolingana na vazi lake hafiki mbali zaidi ya mwenzake.

Kwa hiyo swali la "ipi ni bora" halina jibu moja. Lipo la "ipi inakamilika kwangu leo". Mhusika mwenye nyongeza ya Wepesi 3 akivaa ngozi atakuwa na 4, akivaa njumu atakuwa na 5. Mwenye 4 atapata 5 kwa zote mbili, maana njumu zitamkata pointi moja ya Wepesi. Mwenye 4 na asiye na Nguvu achague ngozi, kwa kuwa njumu na shati la minyororo zinadai nyongeza ya Nguvu 1, na usipokuwa nayo unapunguziwa pointi moja unaponyata, unapopanda na unaporuka. Ngozi haidai hiyo. Shati la minyororo nalo lina sifa ya kupiga kelele, ambayo hukuachia adhabu ya kunyata hata Nguvu ikitosha. Lakini ni rahisi kusogea nalo, hivyo anayeruka na kupanda kuliko kunyata analipenda.

Pamba hapa inatoa 1 na kikomo 3, jumla nne. Imepungukiwa, lakini angalau imepewa kitu chake: ni ya starehe, unalala nayo bila kuamka umechoka. Kwa sarafu mbili za fedha, mchawi aliyefunzwa kuivaa na mwenye Wepesi wa 2 au 3 anaweza kuishi nayo leveli za mwanzo.

Jambo moja la kufurahisha kwenye Pathfinder ni kwamba nakshi za uchawi zinahamishika kutoka vazi moja hadi jingine. Ukipandisha Wepesi leveli ya tano, unaweza kubadilisha njumu ukavaa ngozi au nguo za msafiri na kuhamisha nakshi zako. Hakuna anayefungwa na ununuzi wa kwanza.

Tahadhari kwa wanaocheza matoleo ya zamani: kwenye toleo la tatu la D&D la mwaka 2000, shati la minyororo lilikuwa deraya nyepesi na lilitoa 4, ngozi 2, njumu 3. Nyepesi bora kuliko zote ilikuwa shati la minyororo ya mithrali, chuma chepesi cha kubuni: 4 ileile, kikomo cha Wepesi 6, bila adhabu yoyote kwa mnyemeleaji. Jina la vazi lisikudanganye ukihama kitabu.

Pale deraya inapokula madhara

Michezo mingine haiulizi kama umepigwa au hukupigwa kwa sababu ya deraya. Unapigwa, kisha deraya inapunguza madhara. RuneQuest ya 1978 ilifanya hivyo na kwenda mbali zaidi: kila kiungo kina kinga yake, kwa hiyo unaweza kuwa na kofia ya chuma na miguu ya ngozi. Dragonbane ya 2023 inatumia namba moja kwa mwili mzima: ngozi hupunguza 1, njumu hupunguza 2 lakini zinakupa shida ya kunyata, minyororo 4, mabamba 6.

Katika mfumo huu tofauti kati ya 1 na 2 si ndogo kama inavyoonekana, ila inategemea nani anakupiga. Adui mdogo wa dadu moja ya nyuso sita hupiga wastani wa 3.5. Ukiwa na kinga ya 1, kinachokufikia ni wastani wa 2.5. Ukiwa na 2, ni takriban 1.7, chini ya nusu ya pigo la mwanzo, na theluthi moja ya mapigo yake hayakuumizi kabisa. Jitu la dadu tatu za nyuso sita hupiga wastani wa 10.5, njumu zako zitalipunguza hadi 8.5, na bado utaanguka chini baada ya mapigo mawili. Kwa hiyo kwenye kampeni ya kupambana na makundi ya watu wadogowadogo, chukua njumu na uvumilie shida ya kunyata. Kwenye kampeni ya majitu na madragoni, chukua ngozi na ujifunze kukwepa. Pointi moja zaidi haitakuokoa, lakini kutoonekana kutakuokoa. Huku ndiko mahali pekee ninapomshauri mwizi aikatae njumu hata akipewa bure.

Kutovaa kitu

Mshindani mkubwa wa deraya nyepesi kwenye D&D ni uchawi. Kago la mchawi, la daraja la kwanza, humpa asiye na deraya kinga ya 13 + Wepesi kwa saa nane. Ni pointi moja juu ya njumu. Gharama yake ni nafasi moja ya uchawi kwa siku, ambayo kwa mchawi wa leveli ya kwanza ni nusu ya alichonacho na kwa mchawi wa leveli ya tisa ni kitu kidogo. Wachezaji wengi hawakumbuki kwamba kago hilo linaweza kuwekwa kwa mwenzako aliyekubali, ilimradi hajavaa deraya. Mwizi mwenye Wepesi 20 aliyevua njumu zake na kupakwa kago ana 18, sawa na mabamba kamili ya sarafu 1,500. Ila likipulizwa na adui anayefuta uchawi, yuko kifua wazi na 15.

Watawa huhesabu 10 + Wepesi + Hekima, washenzi wa vita 10 + Wepesi + Siha. Wakiwa na sifa nzuri zote mbili, ngozi haiwasaidii. Mshenzi aliyeanza na Wepesi 14 na Siha 16 ana 15 bila kitu. Bamba la kifua lingempa 16, bamba nusu 17. Afanye hesabu hiyo kabla ya kujivunia kifua wazi.

Kwenye kompyuta na konsoli

Hapa napita haraka, kwa kuwa michezo ya video hupima mambo mengine. Skyrim ya 2011 ina ukomo: ukifikisha kinga ya 567 kwa vipande vinne vya deraya, umepunguza madhara ya silaha kwa asilimia 80 na hakuna zaidi ya hapo. Mvaa nyepesi anayejua uhunzi anafika humo kama mvaa nzito, amechelewa kidogo tu. Kwa sababu hiyo chagua nyepesi bila hofu. Mwishoni wote mnakutana, na wewe umekuwa ukikimbia zaidi njiani. Elden Ring ya 2022 inauliza uzito wa vitu vyote ulivyobeba: ukiwa chini ya asilimia 30 ya uwezo wako unabiringika kwa wepesi wa juu, chini ya 70 unabiringika kawaida, kuzidi hapo unakuwa gogo. Wengi wanajinyima deraya wabaki chini ya 30 bila faida ya kutosha. Kaa karibu na 69 na uvae kila kinachotosha humo, isipokuwa kama umejenga mhusika wako mzima juu ya kukwepa.

Nani avae nini

Mwizi wa D&D: njumu mara tu ukizipata, na usizivue mpaka uletewe zenye uchawi. Ukikuta ngozi yenye +1 kabla hujanunua njumu, ujue inakupa kinga sawa na njumu za kawaida za sarafu 45. Ivae bila kukawia, ila usikubali kubadilishana nayo kitu cha thamani zaidi kwenye mgao wa hazina.

Manju na wafuasi wa mapatano ya giza, ambao wengi wao Wepesi wao huishia 14 au 16: njumu pia, kwa sababu hawana ruhusa ya deraya za kati na pointi hiyo moja ndiyo pekee wanayoweza kuinunua. Mshawishini mchawi wa kundi awapake kago leveli zikipanda.

Mgambo: rudi kwenye hesabu ya Wepesi. Chini ya 16, deraya ya kati. Kwenye 16, njumu kama una mpango wa kupanda, bamba la kifua kama huna.

Mhusika wa Pathfinder mwenye nyongeza ya Wepesi 4: ngozi kama huna Nguvu, njumu au shati la minyororo kama unayo 1. Mwenye 3 na Nguvu ya 1: njumu kwa anayenyata, minyororo kwa anayeruka.

Na mpiga upinde wa nyuma kabisa, anayepigwa mara moja katika vita tatu, abaki na ngozi yake na sarafu zile 35 azinunulie mishale. Kwa sarafu moja hupata mishale 20.